Kabla Hujaagiza Kiboksi Japani, Uliza Kanisani

Kuna ugonjwa umeingia Nairobi, na siwezi kuucheka kwa sababu niliupata mapema. Unaanza hivi. Saa nane za usiku, msee anatazama video ya mzungu mwenye chumba kizima cha kompyuta za miaka ya 1990. Mzungu anawasha Doom, kisha anabonyeza kitufe kwenye kiboksi cheusi kilichoandikwa Roland, na muziki uleule unageuka. Gitaa linanguruma, ngoma zinapiga kifua. Kufikia saa tisa msee yuko kwenye minada ya mtandaoni ya Japani, anahesabu yeni. Kufikia mwisho wa mwezi hana kodi ya nyumba, lakini ana kiboksi.

Nasema wazi: wacheni. Kiboksi si kibaya. Ni kizuri sana, na ndiyo maana kinatumaliza. Wacheni kwa sababu tunalipa pesa nyingi kuokoa kitu ambacho kilishaokolewa zamani, huku cha kwetu cha aina hiyohiyo kikifia kabatini, mwendo wa nusu siku kwa matatu.

Kwa ambaye hajaambukizwa, nieleze kidogo. Faili la MIDI halina sauti ndani yake. Lina maagizo tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, kwa ala namba hii, achilia. Ni kama mwimbishaji anaposimama kanisani na kutaja namba ya wimbo kwenye Tenzi za Rohoni. Namba si wimbo. Wimbo uko kwenye koo za waliokaa pale, na kwaya ya Kyuso haitatoa sauti sawa na kwaya ya Buruburu hata zikitajiwa namba moja. Mfumo huu ulitoka 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti viweze kuelewana. Watengenezaji wa gemu wakaupenda kwa sababu maagizo hayali nafasi kwenye diski. Likabaki swali moja: nani ataimba?

Roland ikaleta waimbaji ndani ya sanduku. MT-32 ilitoka 1987, na mwaka uliofuata kampuni ya Sierra ikatoa King's Quest IV, gemu iliyojua kulitumia sanduku hilo. Mwaka 1991 ikaja SC-55, na mwaka huohuo yakaja makubaliano yanayoitwa General MIDI: ala 128, kila moja na namba yake, mpangilio mmoja kwa mashine zote. Namba 1 ni piano popote ulipo. Bobby Prince alitunga muziki wa Doom ya 1993 akitumia SC-55, ndiyo maana watu wanaapa kwamba bila kiboksi hicho hujaisikia Doom. Hoja yao ina ukweli. Nani hataki kusikia kile mtunzi alichosikia?

Sasa ngoja nikuambie kilichonipata.

Nililipia SC-55 kwa pesa ya makala matatu na deni la rafiki. Nikalipa usafiri, nikalipa ushuru, nikalipa VAT ya 16%, nikalipa na ada ya wakala ambayo sijaielewa hadi leo. Ukijumlisha, bana, ni mbuzi wanne wa Kyuso, wenye afya. Desemba nikakibeba nyumbani: Thika, Matuu, Mwingi, kisha matatu ya Kyuso, kiboksi mapajani kama mtoto mchanga. Nilitaka wadogo zangu wakione. Nikachomeka ukutani adapta iliyokuja nacho. Ilikuwa imeandikwa volti 100, kwa sababu stima ya Japani ni ya volti 100. Ukuta wa Kyuso una 240. Pu! Harufu ya plastiki, na mama anauliza kutoka jikoni nimechoma nini.

Adapta ilikufa, kiboksi kikapona. Nikaenda kanisani kuazima adapta ya kinanda cha kwaya. Mwalimu wa kwaya, mzee aliyenifundisha kushika sauti nikiwa darasa la nne, hakunipa tu hivi hivi. Aliigeuza, akavaa miwani, akasoma ile alama ndogo iliyochorwa chini.

“Hapana, kijana wangu. Yangu ina chanya katikati. Hiki chako kinataka hasi katikati. Ukichomeka, utakizika.”

Alikuwa sahihi. Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na usiku wangu wote wa kutazama video, sikuwahi kujiuliza.

“Kwani ndani yake kuna nini?”

“Ala 128, Mwalimu. Ya kwanza piano, halafu zinafuatana kwa namba.”

“Kama changu,” akasema, na kidole chake kikagusa nembo ya General MIDI kwenye uso wa kinanda.

Kinanda chenyewe ni Yamaha PSR ya zamani, yenye mdomo wa flopi, iliyofunikwa kitambaa cha krosheti wiki nzima ikisubiri Jumapili. Nyuma yake kuna matundu mawili ya duara, kila moja la pini tano, yamejaa vumbi: MIDI IN na MIDI OUT. Mwalimu hajawahi kuchomeka kitu pale. Mimi nilikuwa na waya niliyoinunua kwa ajili ya kiboksi, bei yake kama chipsi na kuku ya watu wawili mjini. Nikachomeka laptopu, nikafungua DOSBox, nikachagua kinanda kama mwimbaji. Dakika tano baadaye Doom ilikuwa inaimba kanisani. Gemu yenyewe inahusu nini, Mwalimu hakuuliza, nami sikueleza.

Ilifanana na SC-55? Hapana. Gitaa lilikuwa jembamba zaidi, ngoma nzito zaidi. Kwaya nyingine, namba ileile. Lakini nilisimama pale nikiwa nimepiga magoti mbele ya Japani miezi mitano kutafuta “sauti halisi ya zamani”, na sauti ya zamani niliyoikulia, ile ya harusi zote na mazishi yote ya utoto wangu, ilikuwa chini ya kitambaa cha krosheti.

Halafu Mwalimu akaomba zamu yake. Akatoa mkebe wa biskuti wenye flopi kumi na moja. Kinanda kilikuja kutoka kiwandani na mapigo ya waltz, disko, bosanova. Hakikuja na ya Kikamba. Kwa hiyo aliyatengeneza mwenyewe, noti baada ya noti, usiku stima ikiwepo: besi inayokimbia kama ya bendi za enzi za Kakai Kilonzo, gitaa linalojibizana na sauti ya mwimbaji, na ngoma ambazo kwa sikio langu zimeazimwa kwenye kilumi, ingawa hilo halisemwi kwa sauti kanisani. Alichukua mashine iliyoundwa bila kumfikiria, akaifundisha lugha yake.

Flopi nne hazikusomeka. Kinanda kilikwaruza krr, krr, kikakataa. Mwalimu akazirudisha mkebeni moja moja.

“Hii ilikuwa ya mazishi,” akasema. “Hii ya harusi.”

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na ndiyo maana naandika.

Tulinganishe. MT-32 ina programu inayoitwa Munt inayoiigiza ndani ya kompyuta. SC-55 ina Nuked-SC55. Kuna watu waliofungua mashine hizi chipu kwa chipu, na ukitaka kusikia muziki wa gemu yoyote maarufu ya wakati ule kwenye kiboksi halisi, YouTube imejaa. Zile SC-55 zote zikiungua kesho, sauti yake haitapotea. Tena wewe mwenyewe uliishaisikia: seti ya sauti za MIDI iliyomo ndani ya Windows, Microsoft iliipata kwa leseni kutoka Roland. Kila saiba uliyokaa ukicheza gemu kwa dakika kumi za shilingi kumi ilikuwa na mjukuu wa kiboksi hicho, bure. Flopi ya Mwalimu ikioza, hakuna Munt. Hakuna YouTube. Kuna mkebe wa biskuti.

Na tuiangalie hiyo orodha ya 128 tunayoiabudu. Afrika ina nini humo? Namba 109 ni kalimba, na hata jina hilo lilienea duniani kupitia Hugh Tracey, Mwingereza aliyetengeneza na kuuza kalimba zake Afrika Kusini kuanzia miaka ya 1950. Namba 114 ni agogo, kengele yenye asili ya Afrika Magharibi. Basi. Hakuna nyatiti, hakuna zeze, hakuna marimba ya kwetu. Lakini namba 126 ni helikopta na namba 128 ni mlio wa bunduki. Helikopta ilipata kiti, nyatiti ikabaki mlangoni. Siwalaumu Wajapani kwa hilo, walikuwa wanauza vinanda kwa wateja waliowajua. Nawashangaa wasee wa Ngara na Rongai wanaouza simu zao ili wailinde orodha hiyo katika hali yake “safi”, wakati kazi ya kuivunja na kuifanya iseme Kikamba, Kiluo au Kigiriama ilifanywa na walimu wa kwaya ambao hakuna anayewauliza chochote.

Utaniambia pesa ni yako. Ni kweli, na sitakuja kukupokonya. Lakini usiniambie basi kwamba unahifadhi historia. Unanunua fanicha inayoimba.

Utaniambia mapenzi hayana pasipoti, kwamba kijana wa Kyuso ana haki ya kuipenda Doom kama kijana wa Texas. Nakubali kabisa. Ninaipenda bado. Ninachokataa ni ile imani kwamba kuipenda kikamilifu lazima kupitie kwa kitu cha kijana wa Texas. Sisi tulikuwa na zamani yetu ya MIDI: vinanda vya kanisa, milio ya simu za Nokia, wanamuziki wa mtu mmoja na kinanda kwenye harusi. Ni retro pia. Haina tu mzungu wa kuifanyia video.

Utaniambia kuigiza si sawa na mashine halisi. Ndiyo, kuna tofauti, na sikio zuri linaisikia. Basi sikio hilo zuri lipeleke kwa Mwalimu, linahitajika huko zaidi.

Kazi yenyewe si ngumu. Nunua waya wa MIDI wa kuingia USB na kisomaji cha flopi cha USB. Nenda nyumbani, kokote ni nyumbani. Tafuta anayepiga kinanda, omba ruhusa kwanza. Nakili flopi zote kabla hujaanza kuchezea chochote. Nyimbo zilizohifadhiwa kama faili za MIDI zitafunguka kwenye kompyuta yoyote. Mapigo yanahitaji kinanda cha Yamaha ili yasikike vizuri, kwa hiyo yarekodi yakipigwa pale pale, na mwenyewe akieleza ni ya nini. Andika jina lake. Mwachie nakala. Usiondoke na flopi zenyewe kuzipamba ukutani Kilimani, hiyo ni wizi wenye fremu.

Kiboksi changu nimekiuza, kwa hasara ya mbuzi mmoja. Flopi saba za Mwalimu zimenakiliwa mara tatu, na nakala moja iko kwake, kwenye flashi aliyoifunga kwa uzi shingoni mwa kinanda. Zile nne bado ziko mkebeni. Najua kuna watu wanaosoma hapa wanaojua kufufua diski kuliko mimi, watu wanaoweza kubadilisha kapasita za Roland wakiwa wamefumba macho.

Matatu za Kyuso hutokea Mwingi. Ukifika, uliza kwaya inafanya mazoezi wapi.