Siku Thelathini Hazisubiri Semina

Mlinzi mmoja aliachishwa kazi kwa barua ya mistari minne. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata yao. Msaidizi alimkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwandikia barua kwa mkuu wa wilaya. Wakasubiri jibu. Wakaandika ya pili. Siku niliyoonyeshwa barua ile ya mistari minne, mikunjo yake imeanza kuchanika, ilikuwa ni siku ya 43 tangu aachishwe kazi. Na mfanyakazi anayelalamika kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sasa, kabla hajadai chochote, ilimbidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kwa nini alichelewa. Aeleze nini? Kwamba muda wote huo alikuwa kwa msaidizi wa kisheria?

Msaidizi yule simlaumu. Alitoa alichopewa. Ninaowalaumu ni waliomkalisha ukumbini siku chache, wakamsomea haki za binadamu tangu asubuhi hadi jioni, wakampiga picha na cheti, wakamrudisha kijijini akabebe mizigo ya watu.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi hawa na kutaka wapitie mafunzo yenye mtaala ulioidhinishwa. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kumtambua mtu bila kumfundisha kazi yake ni kumvisha kanzu mtu asiyejua kuswali. Mwananchi haji kwako na "sheria". Anakuja na shamba, na kifo cha mume, na talaka, na mshahara, na mwana aliyelala mahabusu. Kila kimoja kina mlango wake, fomu yake na siku zake. Ukikosea mlango, haki inakupita.

Chukua ardhi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Aliyefundishwa kabla ya hapo na hajaitwa tena darasani ataendelea kuwaambia wazee wasubiri hukumu ya Kata. Watasubiri mpaka jirani amalize kujenga.

Chukua mirathi, ambako wajane wetu wanaumia zaidi. Swali la kwanza ni sheria ipi inafuatwa: ya Kiislamu, ya kimila, au ile ya India ya mwaka 1865 ambayo tunaitumia mpaka leo. Jibu ndilo linaloamua mjane aende mahakama gani na apate nini, kwa maana chini ya Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, mjane mwenye watoto na marehemu hana fungu lake mwenyewe. Kisha kuna muhtasari wa kikao cha ukoo kinachopendekeza msimamizi wa mirathi, ambao shemeji anaweza kuushika mkononi kama fimbo. Na msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na hesabu za mgawo. Ni wajane wangapi waliowahi kuambiwa kwamba wanaweza kumdai msimamizi hesabu hizo?

Chukua ndoa. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wanafunzi wa sheria wanaikariri kesi hiyo. Lakini mama anayetaka talaka anahitaji kwanza hati ya baraza la usuluhishi la ndoa inayosema usuluhishi umeshindikana. Bila karatasi hiyo, kwa kawaida ombi lake halisikilizwi, hata kama msaidizi wake ameikariri Bi Hawa neno kwa neno.

Kwa hiyo nasema: msaidizi wa kisheria asomeshwe chuoni, kwa matawi. Ardhi peke yake, mirathi peke yake, ndoa, kazi, jinai. Kila tawi limalizike kwa mazoezi kwenye baraza lenyewe, pembeni ya meza ya karani, akijaza fomu halisi kwa mkono wake. Na asomeshwe kwa Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini. Kwa nini basi vyuo vinaendelea kumkaririsha kijana kwa Kiingereza mambo atakayomweleza bibi yake kwa Kiswahili?

Wapo wanaoonya kwamba tukiwasomesha sana tutazalisha mawakili vishoka. Wamelishika jambo kichwa chini. Kishoka anazaliwa na nusu elimu. Aliyefundishwa sawasawa anajua haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili, na anajua saa ya kusema, "Mama, hapa pananizidi, twende kwa wakili." Asiyejua mpaka wake ndiye anayeuvuka.

Wengine watasema hakuna fedha. Fedha za semina, posho na fulana za kampeni zinapatikana kila mwaka. Zielekezwe darasani.

Wizara ya Katiba na Sheria, na ninyi wakuu wa vyuo vya sheria kuanzia Lushoto: kaeni meza moja, andikeni mtaala wa matawi, na wekeni sharti kwamba kila sheria inapobadilika, wasaidizi warudi darasani. Nawe msomaji, ukifika kwa msaidizi wa kata yako, swali lako la kwanza liwe hili: nina siku ngapi? Asipojua, inuka siku hiyohiyo ukatafute anayejua. Yule mlinzi aliulizia siku ya 43.