Lekchara, uliza nani hayupo

Wengi mnaniuliza mbona niliacha chuo. Eti masomo yalinishinda? Zii. Nilikuwa nasomea nyumbani hapa Kiirua, darasa la video, masaa mawili. Dakika ya 40 bando imeisha, niko nje. Nikirudi, darasa limeisha na hakuna rekodi. Wiki ya tatu nikaacha kuingia kabisa. Hakuna mtu aliuliza niko wapi. Hiyo iliniuma kuliko bando.

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 sababu ya korona, tulisema ni dharura. Lakini 2023 tulipata Open University of Kenya, chuo kizima cha mtandaoni, kule Konza. Dharura iliisha kitambo. Kwa hivyo malekchara, sikieni mimi niliyepotea.

Moja, kata somo vipande. Sauti ya dakika 15 kwa WhatsApp inakula bando kidogo, na mtu anaisikiliza akiwa kwa matatu ya kuenda Meru.

Mbili, tenga saa moja kila wiki ya kujibu maswali, na uwepo kweli.

Tatu, mtu akikosa madarasa mawili, mwandikie: "Umekwama wapi?"

Najua utasema uko na wanafunzi 300. Sawa. Wagawe kumi kumi, kila kikundi kiwe na mmoja wa kukuletea majina ya waliopotea.

Mimi huo ujumbe ningeujibu siku hiyo hiyo. Na wewe, kuna mwenzako hujamwona darasani wiki hii? Usingoje lekchara. Mpigie.