Anti, Usikope Laki Moja na Nusu kwa Sababu ya Laptopu

Jumapili iliyopita anti yangu alinipigia simu baada ya kanisa. Huyu si mtu wa kupiga simu ovyo, kwa hivyo nilijua kuna kitu. Binamu yangu amemaliza kidato cha nne, anataka kusomea mambo ya programu za kompyuta, na amemwambia mamake ati bila MacBook hawezi hata kuanza. Anti anauza mboga sokoni. Chama chao kimekubali kumkopesha 150,000. Kabla achukue hizo pesa akaniuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, wewe ndiwe unajua hizi vitu. Hiyo mashine ndiyo itamfundisha?"

Nilinyamaza kidogo. Najua kijana ametoa wapi hiyo stori. Ametoa kwetu. Sisi watu wa kontenti ndio kila siku tunapiga picha za meza: laptopu ya fedha, skrini mbili, kibodi ya kuwaka taa, kikombe cha kahawa kando. Mimi mwenyewe nimeweka picha kama hizo. Kile sijawahi kuonyesha ni kazi ikifanyika kwa hiyo meza, kwa sababu hiyo haina likes.

Kwa hivyo leo acha nilipe hiyo deni. Hii ndio maoni yangu: zana ambazo maprograma wanapenda ni majibu ya shida zao. Ukinunua jibu la mtu bila kuwa na shida yake, umenunua urembo. Na urembo wa mkopo ni hatari sana.

Tuanze na mashine. Sichukii Mac, tusielewane vibaya. Tangu Apple waanze kuweka prosesa zao wenyewe mwaka 2020, ile ya M1, hizo laptopu zinakaa na betri kama ngamia na hazipigi kelele. Na kama kazi yako ni kutengeneza app za iPhone, hapo hakuna mjadala, unahitaji Mac, kwa sababu Xcode haikai kwa mashine nyingine. Hiyo ni shida halisi na Mac ni jibu halisi. Lakini mtu ambaye bado anajifunza `for` na `if` hana hiyo shida. Ile mashine ni ghali ikiwa mpya, na RAM yake imeshikanishwa ndani. Ukinunua na RAM kidogo, umekwama nayo mpaka siku utaiuza.

Sasa nenda Luthuli Avenue ama Moi Avenue, kwa zile laptopu za ex-UK. Utaona ThinkPad nyingi nyeusi, zina kale kadude kekundu katikati ya kibodi. Hiyo laini ilianzia IBM mwaka 1992, Lenovo wakaichukua mwaka 2005. Yangu ni T480, modeli ya 2018. Nililipa 27,000. Maprograma wa nchi zingine wanaipenda hii mashine kupita kiasi, na sababu ni rahisi: unaifungua na bisibisi, unaongeza RAM mwenyewe, unabadilisha SSD, halafu ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje. Unaweza kuchomoa ile ya nje na kuweka nyingine kama mashine bado inawaka. Kwa plot yetu, pale stima hupotea saa ile tu unataka kumaliza kazi, hicho kitu kina maana kuliko rangi ya fedha.

Ukienda kununua, usidanganywe na sura. Uliza RAM ni ngapi na kama inaongezeka. 8 ndio ya kuanzia, 16 ni raha. Hakikisha ina SSD. Iwashe, ingia kwenye BIOS, uone haijafungwa na nenosiri, kwa sababu nyingi zilikuwa mali ya makampuni huko nje. Chomoa chaja, kaa nayo nusu saa, uangalie betri inashuka aje. Bonyeza kila herufi kwa kibodi. Na waranti iandikwe kwa risiti. Ya mdomo huisha ukifika steji.

Najua kuna mtu anasema hapa, "Huyu ni sungura, sizitaki mbichi hizi." Sawa. Basi chukua mtu ambaye hakosi pesa. Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux. Mwaka 2020 alisema amehamia mashine kubwa ya AMD Threadripper yenye kore 32. Mbona? Kwa sababu kazi yake ni kujenga na kupima kernel tena na tena siku nzima. Mwaka 2022 akatoa toleo jipya la Linux akiwa anatumia laptopu ya Apple, kwa sababu alitaka ya prosesa ya ARM ya kusafiri nayo. Na edita yake? Anatumia MicroEMACS, ka-programu kazee ambako vijana wengi hawajawahi hata kusikia. Hachagui kwa ajili ya picha. Anachagua kwa kazi.

Hapo ndio tunafika kwa vita vya edita. Kwa hii mitandao utaona mtu anatusi mwenzake ati kwa sababu anatumia VS Code badala ya Vim. Ebu tuulize hiyo Vim ilitoka wapi.

Babu yake ni vi, ambayo Bill Joy aliandika pale Berkeley, Marekani, mwaka 1976. Alikuwa anatumia teminali inaitwa ADM-3A. Hiyo teminali haikuwa na vitufe vya mishale kando kama vyetu. Mishale ilichorwa juu ya herufi H, J, K na L. Ndio maana mpaka leo watu wa Vim wanatembea na hizo herufi. Halafu alikuwa ameunganishwa na modemu ya baud 300, yaani herufi kama 30 kwa sekunde. Kujaza skrini moja ya mistari 24 ingechukua zaidi ya dakika moja. Sasa wewe fikiria, ungependa edita ya kuchora menyu na rangi? Hapana. Ungetaka amri fupi ya herufi moja. Joy hakuwa anajishaua. Alikuwa na intaneti mbaya kuliko ya nyanyako kijijini.

Vim yenyewe ililetwa na Bram Moolenaar, Mholanzi, mwaka 1991. Ukiifungua bila faili inakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Wasee wengi hudhani ni utani. Si utani. Mwaka 1994 Moolenaar alienda kufanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Kurudi kwao, akaomba anayeipenda Vim achangie hao watoto. Alifariki mwaka 2023, na huo ujumbe umebaki. Kwa hivyo kuna mtu anajiita mkali wa Vim Nairobi, anacheka wanaoanza, na programu yenyewe kila siku inamkumbusha kusaidia majirani. Manze.

VS Code nayo ilitokea mwaka 2015, kutoka Microsoft. Katika uchunguzi wa Stack Overflow wa mwaka 2024, karibu robo tatu ya maprograma waliojibu walisema wanaitumia. Ni rahisi kuanza nayo, na mtu anayeanza anahitaji urahisi. Bei yake ni RAM: ndani imebeba Chromium, injini ile ile ya kivinjari cha Chrome. Kama mashine yako ina GB 4, utaskia hiyo uzito. Basi toa viongezi ambavyo hutumii, ama tumia edita nyepesi. Hakuna aibu. Mteja hajawahi kuniuliza niliandika kazi yake na edita gani. Huuliza tu itaisha lini.

Sasa kuna kundi la tatu: wale wanataka kuingia kwa akili mnemba, kufunza modeli. Hawa ndio wananiandikia sana. "Bro, nahitaji kadi ya NVIDIA ya laki ngapi?" Pole pole. Mwaka 2012 watu watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, walishinda mashindano ya ImageNet ya kutambua picha na modeli iliyoitwa AlexNet. Ndio ushindi uliogeuza hii sekta yote. Walitumia kadi mbili za GTX 580, za GB 3 kila moja. Kadi za kuchezea gemu! Ziliwaka kwa siku tano au sita, modeli ikaiva.

Wewe leo bila kununua chochote unaweza kuazima kadi yenye nguvu kuliko hizo. Google Colab inakupa bure kwa muda, Kaggle inakupa kama saa 30 kwa wiki. Zina maudhi yake: Colab inaweza kukukata katikati, kwa hivyo hifadhi kazi yako kila mara. Lakini kuna faida ambayo watu wa mtaa tunafaa kuimba: data ikipakuliwa, inaenda moja kwa moja kwa mashine zao huko. Bando lako halili GB 5 za picha. Hata Masakhane, ule muungano wa watafiti wa lugha za Kiafrika, walianza kufunza modeli zao za kutafsiri kwa daftari za Colab. Watu wamejenga vitu vya Kiswahili hivyo. Shida yao ilikuwa data ya lugha zetu, na hiyo huwezi kununua dukani.

Kuna chaguo moja tu ambalo naona linaweza kukuharibia kweli, na si laptopu wala edita. Ni kuacha AI ikuandikie kila kitu kabla hujajua kusoma ilichoandika.

Nasema hivi kwa sababu imenipata. Mwaka jana nilitengenezea mama mmoja anayeuza sare za shule mfumo wa kupokea malipo ya simu. AI iliandika sehemu kubwa. Nikajaribu, ikafanya kazi, nikapeleka, nikalipwa. Wiki ya pili akanipigia, sauti imebadilika: hesabu haziingiani. Kumbe ujumbe wa kuthibitisha malipo ukija mara mbili, programu yangu inahesabu mara mbili. Alikuwa ameshatoa sare kwa watu ambao hawajamaliza kulipa, na mfumo unaonyesha wamemaliza. Dawa ilikuwa mistari minne: angalia kama namba ya risiti ishaingia, kama imeingia, achana nayo. Mistari minne, lakini ilinichukua siku mbili, kwa sababu nilikuwa natafuta kosa ndani ya kitu ambacho sikuwahi kukielewa. Kosa lilikuwa langu, na ile hasara nilimlipa pole pole.

Na si mimi peke yangu najidanganya na hizi vitu. Mwaka 2025 kikundi cha utafiti cha METR kilipima maprograma 16 wenye uzoefu, wakifanya kazi kwa miradi yao wenyewe. Walipotumia AI, waliamini imewaharakisha kwa 20%. Saa ikasema imewachelewesha kwa 19%. Ni watu wachache, na hizi zana zinabadilika haraka, kwa hivyo siwezi kusema ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Lakini kama wakongwe wanaweza kujihisi wana kasi na hawana, mimi na wewe tuwe na heshima kidogo.

Naitumia bado. Naiuliza maswali, inanieleza makosa, inaniandikia vile vitu vya kuchosha. Sheria yangu sasa ni moja: sipelekei mteja mstari ambao siwezi kumweleza mtu kwa mdomo. Na kwa anayeanza ningesema miezi mitatu ya kwanza andika na vidole vyako. Ukikwama, kwama. Huko kukwama ndio shule.

Kwa hivyo nilimjibu anti. Nilimwambia hapana, hiyo mashine haitamfundisha. Nikamwambia asichukue laki moja na nusu ya chama. 30,000 inatosha laptopu, na nitaenda naye mwenyewe Jumamosi tuichague. Aweke kando kitu kidogo cha bando kila mwezi, hiyo ndiyo kijana atahitaji kila siku. Kama baada ya mwaka ataanza kutengeneza app za iPhone na kuna mtu anamlipa, atajinunulia hiyo Mac, na nitampigia makofi.

Anti alishukuru, akasema Mungu anibariki. Binamu nimemtumia ujumbe huo huo. Ameusoma, akanyamaza. Namwelewa; hata mimi umri wake ningekasirika. Jumamosi saa nne nitakuwa pale steji nikimngoja, na bisibisi mfukoni.