Sikukuu Isiyo na Mdai

Katika kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya sala ya tarawehe, maduka ya Darajani mjini Unguja hufurika watu hata usiku wa manane, na aghalabu mzazi asimamaye mbele ya kanzu na magauni ya watoto huwa amekwisha kuhesabu fedha zake na kujua, kabla hajauliza bei, kwamba hazitoshi. Hapo simu humletea ujumbe wa kumwarifu kuwa anastahili mkopo. Sina shaka kwamba mapenzi ndiyo yanayomvuta kuukubali. Lakini mapenzi hayo yamekwisha kugeuzwa bidhaa, na yatupasa kulisema hilo waziwazi.

Hesabu ya mikopo hii haina siri. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari, iliyoanza Kenya mwezi wa Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Aliyechukua shilingi 10,000 alirudisha 10,750, tofauti ambayo kwa mwenye haraka huonekana hafifu. Walakini mtu akikopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa amelipa ada ya shilingi 9,000 kwa ajili ya kutumia zile zile 10,000. Na huo ni mkopo wa benki, wenye sheria. Ile ya mitaani, ambayo Watanzania wameiita kausha damu, na ile ya programu za simu zisizo na leseni, ambazo Benki Kuu ya Tanzania ilitoa hadhari juu yake mwaka 2024, huongeza fedheha juu ya riba: mdaiwa akichelewa, jamaa na marafiki zake hupigiwa simu, na ile heshima iliyomfanya akope huvunjika mbele ya wale wale aliotaka kuwafurahisha.

Dini haikumtwika mja mzigo huu. Zaka ya fitri, iliyo faradhi, ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, na asiye na ziada ya chakula cha siku ile na usiku wake hakulazimishwa kutoa hata hiyo. Nalo vazi lililopendekezwa ni lililo zuri miongoni mwa yale mtu aliyo nayo, wala si sharti liwe jipya. Kinachoilazimisha kanzu mpya, na mkono wa Idi, yaani zawadi ya fedha, kwa kila mtoto wa jirani, ni macho ya watu. Siyadharau macho hayo, maana mtoto aendaye viwanja vya Mnazi Mmoja na nguo ya mwaka jana huyaona barabara. Ila huzuni yake ni ya siku nne za sikukuu, ilhali deni la babaye huingia katika unga, dawa na ada ya shule kwa miezi.

Wazee wetu wa pwani waliihesabu miezi kuanzia Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na tangu hapo hata mwisho wa Shaabani ni miezi 11. Awekaye shilingi 10,000 za Tanzania kila mwezi atafika na 110,000 zisizo na riba. Upato wa kawaida, ambao wanawake wetu wameuendesha kwa uaminifu wa kustahiwa, humfaa kwa sikukuu yule tu aliyeangukiwa na zamu ya Shaabani. Kwa hiyo napendelea kibubu cha pamoja, kilichowekwa kwa kijumbe mwaminifu, kisichovunjwa ila Shaabani, wakati vitambaa havijapanda bei na mafundi cherehani hawajazidiwa na kazi.

Na kikipatikana kidogo, baba na mama wawaambie watoto kabla ya mwezi kuandama kwamba mwaka huu ni nguo moja na mkono mdogo. Mtoto aliyeambiwa kweli mapema hustahimili mengi. Ndugu zetu walioko Maskati na Ulaya, ambao aghalabu hutuma fedha katika wiki ya mwisho ya mfungo, wakati deni limekwisha kuchukuliwa, nawaomba wazitume Rajabu.