Sungura aliyebaki naye ana majonzi yake



Leo tunazungumzia msiba ambao wengi huucheka. Zipo nyumba ambazo watoto wamefugiwa sungura wawili. Mmoja akifa, nyumba nzima humlilia aliyekufa. Mtoto anabembelezwa, mzoga unazikwa uani, na jioni hiyo hiyo mkubwa mmoja anasema: "Nyamaza, kesho baba atakununulia mwengine." Yule aliyebaki bandani hakuna anayemtazama. Sisi tunaona yeye ndiye wa kutazamwa mwanzo.

Sungura wa kufugwa asili yake ni sungura wa mwituni wa Ulaya, wanaochimba mashimo na kuishi kwa makundi. Wawili waliozoeana hulala wameegemeana na hulambana uso na masikio. Mwenziwe akiondoka, aliyebaki huenda akamtafuta kila pembe ya banda, akajikunyata, au akageuka mkali. Wengine huacha kula, na hapo ndipo penye hatari.

Tumbo la sungura linatakiwa lifanye kazi muda wote. Asipokula, matumbo husimama, gesi hujaa, na anaweza kufa kwa muda mfupi sana. Sungura aliyemaliza saa 12 bila kula au bila kupata choo, msimsubirishe hadi kesho. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Watu husema "kamfuata mwenziwe", kumbe huenda tumbo lilisimama na hakuna aliyeangalia.

Tufanyeje basi?

Kwanza, mwacheni amuone mwenziwe. Kama mnajua hakufa kwa maradhi ya kuambukiza, mlazeni karibu naye kwa saa moja au zaidi. Atamnusa, pengine atamlamba au atalala ubavuni pake, kisha ataondoka mwenyewe. Wafugaji wengi wameona kwamba sungura aliyepata nafasi hiyo hapati tabu sana ya kumtafuta mwenziwe. Kama hamjui alichokufa nacho, msiwakutanishe. Muulizeni daktari na mumpime aliyebaki, kwani sungura ni hodari wa kuficha maradhi.

Pili, msimbadilishie mambo. Banda libaki pale pale, chakula kije saa zile zile: ukoka na majani makavu kwa wingi, maji safi, na kotmiri kidogo ya kumtia hamu. Kila asubuhi tazameni choo chake. Vijidonge vikiwa vichache au vidogo kuliko kawaida, hiyo ni dalili mbaya.

Tatu, kaeni naye. Kaeni chini sakafuni, maana sungura wengi hawapendi kunyanyuliwa. Mtoto akirudi chuoni akae karibu naye, amsemeshe, na akisogea ampapase kichwa. Kazi hiyo inamfaa na mtoto mwenyewe, kwa sababu anapata wa kumhudumia badala ya kuambiwa asilie.

Kununua mwengine hatupingi. Hatusemi akae eda! Sungura wengi hufurahia kupata mwenza tena. Tunachopinga ni haraka. Ngojeni kwanza ale vizuri na achangamke. Kisha msimtie mgeni moja kwa moja bandani, maana watang'atana vibaya. Wawekeni katika mabanda mawili yaliyo jirani wazoeane harufu, halafu wakutane pahala ambapo hakuna kati yao aliyepazoea, nanyi mkiwa mnawatazama. Madume wawili wasiohasiwa hupigana, na dume na jike wasiohasiwa watakuzalieni baada ya siku 31 hivi. Jiulizeni kama mna nafasi ya familia hiyo.

Wapo watakaosema sungura ni kitoweo, majonzi ya nini? Kweli, nyama yake ni halali. Lakini tuliyemfungia bandani hawezi kwenda kujitafutia chakula wala mwenza, kwa hiyo haki yake iko mikononi mwetu. Sote tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha. Na tunaijua ya Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, mtoto aliyehuzunika kwa kufa ndege wake mdogo. Mtume (S.A.W.) hakulidharau jambo lile, alimsemesha mtoto kwa upole na kumuuliza habari za ndege wake.

Kwa hiyo kina mama wenzetu, msiba huu ukikufikieni, mwambieni mtoto ukweli kwamba sungura wake amekufa, mwacheni alie, kisha mshikeni mkono mwende naye bandani. Tazameni kama aliyebaki amekula. Kama majani ya asubuhi bado yapo vile vile hadi usiku, msilale kabla hamjampigia simu daktari.