Taa Zisemazo Uongo

Juma lililopita, nikitoka Busia kwenda Malaba wakati wa magharibi, niliifuata pikapu yenye bodi ya mbao na taa za nyuma zilizotolewa katika lori. Dereva alipokanyaga breki, nyekundu haikukolea. Kiashiria cha kushoto ndicho kilichowaka, tena kwa unyonge. Kijana wa boda boda (neno lililozaliwa mpakani huku huku) alidhani inapinda, akaingia katikati ya barabara aipite. Trela lililotoka mbele lilimkosa kwa shibiri.

Simlaumu fundi kwa kutumia taa za gari jingine. Vipuri vipya ni ghali. Lakini lori hutumia volti 24 na pikapu 12, hivyo balbu ya lori humo huwaka kama kibatari. Zaidi ya hayo, umeme wa taa hurudi kupitia chuma cha gari. Taa ikipigiliwa kwenye mbao, umeme hukosa njia, ukapenya katika balbu ya jirani. Waya mmoja hadi kwenye chasisi, na balbu za volti 12, vingetosha.

Sisi wa isimu hufundisha kwamba ishara ni mapatano. Nyekundu hafifu husema "nipo", nyekundu kali "nasimama", manjano "napinda". Nasi tumezoea kuuliza kama taa inawaka, hatuulizi inasema nini.

Mwalimu wa fizikia huchora saketi ubaoni muhula mzima, ilhali gereji ya jua kali iko ng'ambo ya lango la shule. Ni nini kinachomzuia kuvuka barabara pamoja na wanafunzi wake?