Dawa ya Mtu Asiyeumwa



Mama mmoja wa parokia yetu alinijia baada ya Misa, akanena: «Mwalimu, mume wangu amepona. Mwaka mzima hajaona damu chooni. Mbona mganga angali anamwamuru kumeza vidonge kila siku? Fedha hiyo ingelipa shule ya watoto.» Nikiri kwamba mimi nami niliona neno lake kuwa la haki. Ikanibidi kuuliza na kusoma.

Ugonjwa huo huitwa kolite ya vidonda. Ngozi ya ndani ya utumbo mpana huvimba na kufanya vidonda, na mgonjwa huenda chooni mara nyingi, akitoa damu na kamasi. Wafanana mno na amiba na kuhara damu. Kwa sababu hiyo, katika nchi zetu, mganga mwenye busara hupima kinyesi kwanza, maana kortizoni ikipewa mwenye amiba yaweza kumwua. Kolite hii haiambukizi, wala haikutumwa na jirani. Lakini ina hila: hutulia miezi au miaka, kisha hurudi. Ni moto uliolala chini ya majivu.

Dawa yake ya kale ni sulfasalazini. Aliyeileta ni mganga wa kike wa Sweden, Nanna Svartz, aliyekuwa akiwatafutia dawa wenye maumivu ya viungo. Habari zake alizitangaza mwaka 1942. Mwaka 1965 waganga wa London waliwagawa wagonjwa waliokwisha kutulia: wengine walipewa dawa hiyo, wengine vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani. Mwaka ulipotimia, katika hao wa pili yapata saba kwa kumi walikuwa wameugua tena; katika wale waliomeza dawa, yapata watatu kwa kumi tu. Na wote walikuwa wameanza wakijiona wazima!

Kortizoni, yenye nguvu nyingi ya kuzima ugonjwa ukiwaka, haifai kwa ulinzi huu: hauzuii usirudi, nayo hudhoofisha mifupa.

Kipimo cha ulinzi kwa kawaida ni gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Mkojo waweza kuwa wa rangi ya chungwa, hilo lisiwatishe. Wengine huumwa kichwa au kuona kichefuchefu. Mwili ukitoka vipele, mgonjwa aache dawa na arudi upesi kwa mganga. Tena, tulitaje bila haya, kwa kuwa ni jambo la ndoa: dawa hii hupunguza mbegu za mwanamume muda anapoimeza, nazo hurudi akiiacha. Mume anayetamani mtoto asiitupe kwa siri, bali amwambie mganga, apate kumbadilishia mezalazini, isiyo na kasoro hiyo. Mke mgonjwa mwenye mimba naye asiiache kwa woga. Mganga humwongezea asidi foliki.

Nilimrudia mama yule na maneno hayo. Akauliza: «Mpaka lini?» Nikamjibu kama nilivyojibiwa: miaka mingi, labda siku zote. Akanyamaza kitambo. Juma lililofuata alinieleza kwamba wameuza mbuzi mmoja, na kwamba vidonge vimewekwa kando ya Rozari, mume apate kuvimeza baada ya sala ya asubuhi na ya jioni.